Kununua au kulipia kila mwezi: hesabu ya mashabiki wa gemu

Msomaji wa kurasa hizi aliyezoea kukuta habari za bei ya mahindi na pembejeo atashangaa leo kukuta habari za gemu za kwenye televisheni. Naomba avumilie kidogo. Ugomvi unaoendelea kati ya mashabiki wa gemu na kampuni zinazoziuza unahusu jambo ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo hukutana nalo kila msimu, nalo ni kama kitu ulichokilipia ni chako au umeazimwa tu.

Tuanze na hesabu. Mwezi Juni 2017 kampuni ya Microsoft, yenye mashine ya gemu iitwayo Xbox, ilianzisha huduma ya Game Pass kwa dola 9.99 kwa mwezi. Mteja alilipa ada hiyo na kufunguliwa ghala la gemu zaidi ya mia moja, acheze atakayo. Mwaka uliofuata kampuni ikaongeza kishawishi, kwamba gemu zake mpya zitaingia humo siku ileile zinapotoka dukani. Kwa mwaka mteja alilipa dola 119.88. Gemu moja mpya ya kampuni kubwa iliuzwa dola 60 wakati huo, hivyo aliyekuwa akinunua gemu mbili tu kwa mwaka alikuwa amekwisha kufikia kiasi hicho. Ilikuwa bei nzuri mno, na watu waliingia kwa wingi. Februari 2024 kampuni ilitangaza kuwa waliojiunga wamefika milioni 34.

Oktoba 2025 bei ya kifurushi cha juu ilipandishwa kutoka dola 19.99 hadi dola 29.99 kwa mwezi. Vifurushi vya bei ya chini vilibaki, lakini kwa mwenye mashine ya Xbox anayetaka gemu mpya siku ya kwanza, ilimlazimu achukue hicho cha juu. Ada yake ya mwaka ikawa dola 359.88, yaani mara tatu ya ile ya mwanzo. Kwa gemu ya dola 70 hiyo ni thamani ya gemu tano, na wachezaji wengi wa kawaida hawamalizi gemu tano mpya kwa mwaka. Mashabiki walikasirika, wakakimbilia kujiondoa kwa wingi kiasi kwamba ukurasa wa kujiondolea ukaelemewa.

Mimi sishangai kupanda kwa bei. Oktoba 2023 kampuni hiyo ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard, watengenezaji wa Call of Duty, kwa takriban dola bilioni 69. Mwaka mmoja baadaye toleo jipya la gemu hiyo likaingizwa katika Game Pass siku ya kwanza. Mtu anayeipata kwa ada ya mwezi hana sababu ya kuinunua kwa dola 70. Fedha hiyo isiyopatikana dukani ilibidi itafutwe mahali pengine, na mahali penyewe ni mfukoni mwa aliyekwisha kuzoea.

Wapo watakaosema basi mtindo wa kulipia kila mwezi ni wizi. Hapana. Mwenye ekari tatu anayekodi trekta kwa siku moja anafanya hesabu sahihi kuliko anayekopa ili anunue trekta lake likae chini ya mwembe miezi kumi na moja. Kukodi si ujinga hata kidogo. Hatari inaanzia pengine. Mkulima huyo akiona trekta la kukodi ni rahisi, anauza maksai na plau. Jirani zake nao wanauza. Baada ya misimu mitatu hakuna maksai hata mmoja kijijini, na mvua za kwanza zinapodondoka mwenye trekta anataja bei yake. Utampinga kwa jembe la mkono?

Ndivyo ilivyokuwa kwa mashabiki hawa. Waliacha kununua sidii, wengine wakanunua mashine zisizo hata na tundu la kuwekea sidii kwa kuwa zilikuwa nafuu. Bei ilipopanda, kabati zao zilikuwa tupu. Ukiacha kulipa, gemu zote za kifurushi zinafungwa.

Na hata aliyenunua moja kwa moja hayuko salama sana. Kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft iliuza gemu ya mbio za magari, The Crew, kuanzia mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo yake ya intaneti ilizimwa, na kwa kuwa gemu ilihitaji mitambo hiyo hata ukicheza peke yako, walioilipia wakabaki mikono mitupu. Ikaanzishwa kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni moja zinazohitajika ili Tume ya Ulaya ilazimike kuijibu. Jimbo la California nako, tangu Januari 2025, sheria inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni, kama ndivyo ilivyo. Sheria hiyo haimzuii kuuza leseni. Inamzuia tu kuiita leseni mauzo.

Anayedhani haya ni ya watoto wa mjini, asikie ya wakulima wa Marekani. Mwaka 2015 kampuni ya matrekta ya John Deere iliiandikia ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo kwamba programu iliyomo ndani ya trekta haimilikiwi na mkulima, bali yeye ana leseni ya kuitumia kwa muda wote trekta lizimapo na kuwaka. Maana yake chuma ni chako na akili yake si yako. Trekta lilipokwama kwa hitilafu ya programu katikati ya mavuno, mara nyingi fundi wa mtaani hakuweza kulifungua, ilibidi aje wakala mwenye kifaa cha kampuni. Malalamiko yalikuwa mengi, na Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwa suala la matengenezo. Mkulima wetu anayekwenda kununua trekta dogo la mkono na aulize mapema nani atalitengeneza, na vipuri viko wapi, kabla hajahesabu fedha.

Turudi kwa mashabiki, maana kuna jambo lao moja linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Wa Xbox na wa PlayStation wanabishana kama Simba na Yanga. Kila mmoja anatetea mauzo ya kampuni yake, ilhali hana hisa hata moja humo. Tena wanabishana gizani. Tangu mwaka 2015 Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine inazouza, wakati wapinzani wao Sony waliendelea kutaja zao, PlayStation 4 ikifikia zaidi ya milioni 117. Muuzaji akiacha kutaja namba aliyokuwa akiitaja kwa majigambo, mnunuzi ajue kuna sababu. Sisi tunalijua hilo vizuri. Mnunuzi wa viazi anayekwepa mizani na kusisitiza lumbesa hafanyi hivyo kwa kusahau.

Badala ya kuuliza ada imepandaje, mashabiki walitumia miaka kadhaa kushangilia kuwa kampuni yao "imewakomoa" wenzao kwa gemu za bei ya kutupa. Ushabiki umemfaidi muuzaji zaidi ya tangazo lolote.

Iko njia nyingine, na inatoka kwenye gemu ya kilimo. Mmarekani mmoja, Eric Barone, alikaa zaidi ya miaka minne peke yake akitengeneza Stardew Valley, huku akifanya kibarua cha kuelekeza watu viti katika ukumbi wa maonyesho. Ni hadithi ya kijana anayerithi shamba la babu yake. Iliingia sokoni Februari 2016 kwa dola 14.99, malipo ya mara moja. Kila alipoongeza kitu kipya, wa zamani walikipata bure. Kufikia mwishoni mwa 2024 nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimeuzwa. Si kila mtengenezaji anaweza kupata bahati hiyo, lakini wanaosema biashara ya gemu haiwezi kuishi bila ada ya kila mwezi wana kazi ya kumweleza huyu.

Mtaani kwetu hapa Morogoro kuna kijana mwenye banda la gemu, mashine nne na televisheni nne, watoto wanalipa kwa mechi. Nilimwuliza kama ameshafikiria kuingia kwenye hizo za kulipia kila mwezi. "Kaka," akanijibu, "mimi luku yenyewe inanitoa jasho, niongeze na bando?" Mashine yake moja ni PlayStation 2 ya zamani, pedi zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia aiuze, inachukua nafasi. Akakataa. Ikikatika intaneti mashine mpya moja inagoma kufungua gemu kadhaa, alisema, lakini hiyo ya zamani inasoma sidii na kuendelea. Jumamosi iliyopita nilipita nikakuta watoto saba wamepanga foleni mbele yake.