Mtu wa Kamera na Mapanki ya Mwanza

Wengi wetu tumeisikia ile sinema ya mapanki, lakini walioiona ni wachache. Leo tumtazame aliyeitengeneza, kwa maana kazi yake ni ngeni kwetu.

Bwana Hubert Sauper alizaliwa mwaka 1966 katika milima ya Tirol, nchi ya Austria, akajifunza sinema Vienna na Paris. Yeye si mtumishi wa serikali wala wa kampuni kubwa. Huchagua habari mwenyewe, hutafuta fedha huku na huku, hushika kamera kwa mkono wake. Fedha zikiisha, kazi husimama, lakini hana bwana wa kumwambia, "Hapa usipige picha."

Mwaka 1997 alikuwa Kongo, akiwafuata wakimbizi wa Rwanda waliopotea misituni karibu na Kisangani. Kwa maelezo yake, mwaka ule aliona ndege mbili kubwa zimesimama jirani: moja imeleta tani 45 za njegere za Marekani kwa wakimbizi, ya pili yaondoka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Basi akaja Mwanza na mwenzake mmoja na kamera ndogo. Asimulia kwamba ili kuzifikia ndege walijivika nguo za marubani. Viwandani wakubwa waliwadhania wakaguzi wa Ulaya, na vijijini watu waliwadhania wamisionari. (Mapadre wetu wasiudhike!) Siku nyingi zikaishia vituo vya polisi.

Sinema yenyewe, Darwin's Nightmare, ilitoka mwaka 2004. Yaonyesha sangara, samaki aliyetiwa ziwani zama za wakoloni akawamaliza furu wengi: minofu yaruka Ulaya, vichwa na mifupa, yaani mapanki, yabaki kwa maskini. Yauliza pia ndege zile huja na nini. Rubani mmoja akiri kwamba aliwahi kupeleka Angola mashine kubwa kama vifaru, kisha akapakia zabibu Johannesburg kwa ajili ya Ulaya. Lakini silaha zikishushwa Mwanza hatuonyeshwi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Ulaya walimsifu, na mwaka 2006 sinema ikashindania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliilaumu vikali kwamba yalichafua jina la nchi, na watu wakaandamana Mwanza. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliandika kwamba ni udanganyifu. Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa haki Sauper.

Mimi naona alisema kweli kubwa, ila mapanki hakuyaelewa vema. Hapa Busisi mama hununua kichwa cha sangara, akakichemsha kwa nyanya na kitunguu, na watoto wakagombea macho yake. Si kila alaye kichwa analia. Hata hivyo minofu haifiki mezani petu, na hilo hakulizua yeye.

Linalonisumbua ni jingine. Mtu asiye na bwana ana uhuru mkubwa, naye kazi ikiisha hupanda ndege. Waliosema mbele ya kamera hubaki. Mwandishi wa habari Richard Mgamba, aliyeonekana katika sinema ile, alipata taabu mwaka 2006 hata akatishiwa kufukuzwa nchini. Sauper alikuwa kwao Ulaya.

Hakuacha kazi. Alijitengenezea ndege ndogo, akairusha hadi Sudan, akatoa We Come as Friends mwaka 2014; mwaka 2020 akatoa Epicentro, ya Kuba. Wale watoto wa Mwanza aliowapiga picha sasa ni watu wazima, baadhi yao huenda wana watoto wao. Ningependa mtu awaoneshe sinema ile kwa Kiswahili, ukutani, jioni moja, kisha awaulize wao.