Futa Kila Kitu Uanze Upya? Hapana Jamani!

Wadau, leo naandika na hasira, mnivumilie. Siku mbili nimekwama. Kazi ya kikundi ni Ijumaa, sisi watu wa Elimu tumepewa faili za XML tuzichambue kwa Python, na lxml imegoma kuingia. Kila ninayemkuta kwenye vimbweta ana dawa moja tu: "Futa kila kitu uanze upya, mshikaji." Nimefuta mara tatu. Bando la wiki limekwisha, na bumu mnajua habari zake.

Sasa nasema wazi: dawa hiyo ni uvivu, tena uvivu wa kufundishwa.

Tuangalie. lxml si Python tupu. Ni daraja kati ya Python na maktaba mbili zilizoandikwa kwa lugha ya C, libxml2 na libxslt. pip ikipata paketi iliyojengwa tayari kwa Python yako, inaiweka, umemaliza. Isipoipata (sisi tuliagizwa toleo la zamani), inashusha msimbo na kuujenga hapo hapo kwenye mashine yako. Hapo inataka kompaila kama gcc, faili za vichwa za zile maktaba mbili, na za Python yenyewe. Ukifuta ukaanza upya, vitu hivyo vitajileta? Jana havikuwepo, na leo havipo!

Wote tulikuwa tunasoma mstari wa mwisho: ujenzi umeshindwa. Mstari huo ni kilio cha msibani, haukuambii marehemu kafa kwa nini. Jana usiku nikapanda juu, taratibu. Kwanza zilikosekana libxml2-dev na libxslt1-dev. Nikaziweka. Kisha gcc ikalalamika Python.h haipo. Wajuaji wakasema weka python3-dev. Nikaweka. Kosa lile lile! Kumbe Ubuntu yangu ni 22.04, Python yake ya mfumo ni 3.10, na python3-dev inaleta vichwa vya hiyo. Mimi nilikuwa najenga kwa 3.11. Nikaweka python3.11-dev, nikarudia, ikaingia. Sikufuta kitu.

Najua kuna atakayesema hayo ni ya watu wa kompyuta. Hapana bwana. Sisi ni walimu watarajiwa. Mtoto akikosa hesabu, utamwambia "futa, anza upya" bila kumwonyesha hatua aliyoteleza? Atakosa vilevile, tena atajiona mjinga, kumbe mjinga ni mwalimu. Kutafuta kosa lilipoanzia ndiyo kazi tuliyokuja kuisomea hapa. Tukikariri amri bila kujua zinafanya nini, tutakwenda kukaririsha na watoto wa watu.

Mwenye hoja tofauti alete, sikimbii. Ila asije na neno "futa".

Nawasilisha. Naenda kula wali maharage, kisha zile XML zinanisubiri.