Koleo Kwanza, Dawa Baadaye
Kaskazi inapopamba moto, nzi huwaandama punda wa Lamu kutwa nzima. Punda ndiye lori la mji ule: hubeba mchanga, saruji na mawe katika vichochoro ambavyo gari halipiti. Shogi ikimchubua mgongo, nzi hukusanyika kidondani, na baadhi yao huacha humo mabuu ya minyoo yanayozuia jeraha kupona. Wenye punda hukimbilia dawa ya kupuliza, ilhali adui amezaliwa zizini. Nzi hutaga kwenye samadi na majani yaliyolowa, na wakati wa joto kizazi kipya hukomaa kwa takriban siku 10 tu. Anayezoa samadi kila siku na kuitupa mbali huwamaliza kabla hawajaota mabawa. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi, na punda apumzishwe mpaka apone. Oili chafu ya gari si dawa, ni sumu. Kuhusu pange, hao wanaouma na kunyonya damu, mwaka 2019 watafiti nchini Uingereza waliwavisha farasi majoho yenye mistari kama ya pundamilia, na pange waliofanikiwa kutua juu yao wakapungua sana. Ni ugunduzi wa kupendeza, lakini punda wa mchukuzi anahitaji kwanza koleo, kivuli, maji na siku ya kupumzika. Anayekula kwa jasho la mnyama hana udhuru wa kumwachia nzi wamle.