Mhusika wako si GPA, mwanangu

Najua nimepotea wiki tatu. Test zimenibana, bumu limechelewa, basi taabu tupu. Lakini leo nisipolisema hili sitalala. Jana usiku mimi na mwenzangu wa chumbani tumebishana mpaka jirani akagonga ukuta, na ugomvi wenyewe ni kaunta buku.

Kwa msiojua, tunacheza gemu la kuigiza mtandaoni ambalo lote ni maandishi. Unaandika unaingia sokoni, gemu linakueleza soko likoje, na mwenzako aliyeko huko anaandika anavyokutazama. Halina picha na linakula bando kidogo sana, ndiyo maana akina sisi tumeling'ang'ania. Sasa huyu bwana kachora jedwali: tarehe, levo, dhahabu, ustadi wa upanga, asilimia ya lengo. Kila usiku anaweka vema zake. Na anataka kundi zima tufanye hivyo hivyo, asiyetimiza lengo la wiki atolewe!

Mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Kwanza, tuwe wakweli, tamaa ya alama haikuanza na yeye. Gemu la MUD, ambalo Roy Trubshaw alianza kuliandika mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha Richard Bartle akaliendeleza, lilikuwa la alama. Unatafuta hazina, unaitupa kwenye kinamasi, unapewa alama, unapanda mpaka unakuwa mchawi. Hebu fikiria: unahangaika kupata taji la dhahabu halafu unalitosa kwenye matope ili namba ipande. Lakini mwaka 1989 James Aspnes wa Carnegie Mellon, Marekani, akatoa TinyMUD, na watu wakajazana humo kupiga soga na kujenga vyumba vyao. Bartle mwenyewe mwaka 1996 aliandika kwamba wachezaji wako wa aina nne: wanaosaka mafanikio, wagunduzi, wapenda kujumuika na wauaji. Sasa wewe uliyepata wapi ruhusa ya kutugeuza wote kuwa aina moja?

Pili, kuna lengo la mchezaji na kuna lengo la mhusika. "Nifike levo 40" ni lako wewe uliyekaa kitandani na laptop. Mhusika hajui levo ni nini. Yeye anataka kumpata kaka yake, kulipa deni, kurudi kijijini alikofukuzwa.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Mhusika wangu ni mganga anayemtafuta kaka yake. Na mimi nilikuwa na jedwali, tena zuri kuliko la huyu bwana. Muhula uliopita mchezaji mmoja tuliyeigiza naye miezi minne aliniandikia kwamba mhusika wake ana habari za kaka, tukutane darajani saa nne usiku. Nilibakiza kidogo tu kupanda levo, nikasema nimalizie kwanza panya wa ghalani. Nilipofika darajani saa sita alishaondoka. Kumbe ulikuwa usiku wake wa mwisho, alikuwa anaacha kucheza na alitaka tuimalize hadithi pamoja. Sijamwona tena. Levo nilipanda, ndiyo. Siku ile jedwali langu lilisoma asilimia 100.

Jamaa anajibu kwamba bila kufuatilia watu wanazembea. Hapo namkubalia, tena sana. Tunawajua wahusika waliokaa kilabuni tangu mwaka wa kwanza, wanakunywa pombe ya maandishi, ukiwauliza wanataka nini wanasema "niko niko tu". Huyo naye hachezi, anasubiri kuchezewa. Kwa hiyo sikatai kaunta buku. Nakataa kilichoandikwa ndani.

Pendekezo langu ni hili. Kila mhusika awe na mistari mitatu: anataka nini, nani au nini kinamzuia, na yuko tayari kupoteza nini. Kila ukimaliza kucheza, ongeza mstari mmoja: leo nini kimebadilika? Kama siku tano mfululizo jibu ni "hakuna", ama lengo limekufa ama unalikimbia. Libadilishe, au mwache mhusika ashindwe. Kushindwa pia ni hadithi. Jedwali la asilimia halina pa kuandika hilo, linakuwekea sifuri tu.

Jamani, mchana kutwa tunahesabiwa: mahudhurio, kosiweki, nani ana sapu, nani kadisko. Usiku tunakimbilia kwenye ulimwengu wa maneno matupu, halafu cha kwanza tunachobeba kwenda nacho ni matokeo ubaoni?

Mimi jedwali langu nimelichana. Ukurasa mpya una mstari mmoja: "Aliniacha darajani, au mimi ndiye niliyemwacha?" Mganga wangu anaanza hapo kesho.

Asiyekubali aje chumbani tubishane. Aje na sukari, yetu imeisha.