Reti Ikisamehewa, Mpangaji Naye Apone



Maradhi ya Korona yalipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, Serikali ilipunguza kodi. Mfanya kazi wa mshahara usiozidi shilingi 24,000 hakukatwa kodi ya mapato. VAT ilishuka toka 16 kwa mia hata 14, ikarudi 16 Januari 2021. Lakini kodi ya ardhi, ile tuiitayo reti, haikuwamo katika tangazo hilo. Kwa Katiba ya 2010 reti ni mali ya kaunti. Hapa Thika na Ruiru, mwenye neno ni Kaunti ya Kiambu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu tarehe 27 Machi ilikuwa marufuku kutembea kuanzia saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Mabaa yalifungwa. Tarehe 6 Aprili njia nazo zikafungwa, mpaka ukawa daraja la Chania, hata mwezi wa Julai. Mnunuzi wa ng'ambo ya mto hakuvuka kuja Thika. Na duka likikosa wanunuzi, wa kwanza kuondolewa ni nani? Ni kibarua.

Kwa hiyo wako wasemao kwamba maradhi ya namna hii yakija tena, kaunti isamehe reti ili biashara zipone. Mimi ni mtu wa reli, sina duka wala kiwanja, lakini nakubali, kwa sharti moja. Reti hudaiwa mwenye kiwanja, na wenye maduka wengi ni wapangaji tu. Bwana mwenye jumba akisamehewa, na kodi ya chumba ikabaki ile ile, amesaidiwa nani? Mvua imenyesha juu ya bati, shamba limebaki kavu.

Tena fedha za reti ni sehemu ya mfuko unaolipa wafagiaji wa miji yetu, nao ni ndugu zetu. Haifai kuutoboa mfuko huo kwa faida ya tajiri peke yake.

Basi sharti liandikwe sasa, tungali wazima: asamehewe yule tu aonyeshaye risiti kwamba amewapunguzia wapangaji wake, na mpangaji aliyepunguziwa asifukuze watu kazi. Kila mwaka kaunti huwaita wananchi watoe maoni juu ya Mswada wa Fedha. Siku hiyo tusiwaachie wenye majumba viti vyote. Twende, tuseme.