Tasnifu Isiyofika Bwawani

Mwingi ikitajwa, wengi hukumbuka ukame: punda waliobebeshwa mitungi, akina mama wakifukua mchanga wa mto uliokauka ili wapate maji, mbuzi, asali na mtama. Kijana wa Nuu au Tseikuru anapotangaza kwamba anasomea shahada ya uzamili katika uvuvi na ufugaji wa samaki, swali la kwanza aghalabu huwa la mzaha: samaki gani hao, na maji yako wapi?

Wenye mzaha huo hawajaitazama ramani. Bwawa la Kiambere katika mto Tana, lililoanza kazi mwaka 1988, limepakana na upande wa Mwingi, na humo ndimo yanamotoka maji ya mradi wa Kiambere na Mwingi. Vijijini yapo mabwawa ya udongo ambayo wenyeji huyaita silanga. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina makao makuu Kwa Vonza katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui, na hufundisha shahada ya kwanza ya usimamizi wa uvuvi na ufugaji wa samaki. Isitoshe, penye maji haba ndipo penye haja kubwa zaidi ya utaalamu huu, kwa kuwa maji yale yale hulazimika kulisha samaki kwanza, kisha yakanywesha sukumawiki yakiwa tayari na mbolea.

Basi kijana na asome. Linalostahili kuulizwa ni atasoma kwa ajili ya nani, na atawarudishia kwa lugha gani. Makala haya yanashikilia kwamba tasnifu ya uzamili au uzamifu katika taaluma hii isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka iwe na ikisiri pana ya Kiswahili inayoweza kusomwa na mfugaji, na kwamba idara za Kiswahili zina wajibu wa kuifanikisha kazi hiyo.

Itazamwe safari ya utafiti wenyewe. Mtafiti huomba bwawa la mtu. Hupima samaki wa mtu huyo juma baada ya juma, humwuliza maswali kwa Kikamba na Kiswahili, hunywa chai yake. Kisha kila alichoambiwa hugeuzwa Kiingereza, hujalidiwa, huwekwa rafuni. Mtahiniwa wa uzamifu hudaiwa pia makala katika majarida yenye uhakiki, na majarida hayo karibu yote ni ya Kiingereza. Hakuna anayemdai hata ukurasa mmoja wa kumpelekea mwenye bwawa.

Hasara ya mtindo huu si ya kinadharia. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha, ndani ya mpango wake wa kuchochea uchumi, uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na mita mraba 300. Ruzuku ilipokoma, mengi yaliachwa. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba lugha ndiyo iliyoyakausha; chakula cha samaki kilikuwa ghali, vifaranga hafifu, na soko halikuwa limeandaliwa. Hata hivyo, baadhi ya yaliyowashinda wafugaji yalikuwa yamekwisha kujulikana vyuoni zamani.

Mfano ni perege. Wakiachwa madume na majike pamoja bwawani, huzaana kupita kiasi, wakagombea chakula na hewa, na mwisho mfugaji huvuna mamia ya samaki wadogo kama kidole. Tasnifu hulieleza jambo hili kwa istilahi ndefu za kigeni. Kiswahili kina neno lake tayari: kudumaa. Mama wa Migwani analijua kwa mahindi yake na kwa mbuzi wake. Akiambiwa kwamba perege waliochanganyika hudumaa, na kwamba dawa yake ni kufuga madume pekee, ameelewa kabla mgeni hajamaliza chai.

Vivyo hivyo, neno vifaranga limeazimwa kutoka kwa kuku, na limekaa vizuri. Mwenye bwawa akiwaona samaki wamejaa juu ya maji alfajiri, midomo wazi, husema wanahema. Yu sahihi kisayansi, maana usiku mimea ya majini nayo hutumia oksijeni, hivyo maji hupungukiwa zaidi kabla ya mapambazuko. Mtaalamu hupima ukijani wa maji kwa sahani ya Secchi. Mfugaji hutumbukiza mkono wake mpaka kiwiko. Kiganja kikianza kutoonekana maji yafikapo kiwikoni, bwawa lina rutuba ya kutosha. Kikionekana bado, huongeza samadi. Kikipotea mapema, huacha. Sahani na mkono husema jambo moja. Ni tasnifu ngapi zimeyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hili limechakaa. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na wizara inayohusika nchini Tanzania huiita taaluma hii ukuzaji viumbe maji, istilahi inayowakumbatia hata kamba na mwani, ambao ufugaji wa samaki huwaacha nje. Yawezekana Wakenya wasiipende. Basi na waijadili, ila wasijifanye haipo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzee wa Kyuso huzungumza Kikamba, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Hili ni kweli na halifai kufunikwa. Lakini afisa wa uvuvi aliyetumwa huko huenda akawa mtu wa Kisumu au Lamu. Akiwa na matini ya Kiswahili mkononi, jirani yeyote aliyesoma atamfasiria papo hapo. Tasnifu ya Kiingereza yenye kurasa 150 haifasiriki chini ya mwembe.

Wahitimu kadhaa wa Afrika Mashariki wamepelekwa Iceland kwa mafunzo ya uvuvi yaliyoanzishwa huko mwaka 1998. Wao hufundishwa kwa Kiingereza kwa sababu ni wageni. Wenyeji, katika Chuo Kikuu cha Akureyri, husomea shahada ya kwanza ya uvuvi kwa lugha yao. Nchi hiyo haifikishi watu nusu milioni; kaunti ya Kitui peke yake ilikuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya 2019. Na katiba ya Kenya ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hii ni kazi inayongoja. Tasnifu kuhusu taswira ya mwanamke katika tamthilia zile zile zimekwisha kuwa nyingi, na wasimamizi wanaozisoma wanalijua hilo ingawa hawalisemi. Mwanafunzi wa isimu anayetaka mada ya istilahi na amtafute mwenzake wa uvuvi, waende pamoja bwawani, mmoja apime samaki na mwingine anukuu maneno ya mfugaji. Kurasa kumi zinatosha. Zichapishwe, nakala ziachwe katika ofisi ya uvuvi mjini Mwingi na kwa kila mfugaji aliyetoa bwawa lake.

Muda nao uzingatiwe. Mvua za vuli, ambazo Ukambani huzitegemea zaidi, huanza Oktoba au Novemba, na ndipo mabwawa hujaa. Ikisiri itakayofika Desemba itakuwa imechelewa mwaka mzima.