Mizani Kashika Nani?

Wiki iliyopita sikuonekana kijiweni, masela wakaanza kuzusha eti nimeukimbia mji kwa madeni. Thubutu! Nilikuwa Misungwi, kwa bibi mzaa baba.

Sikwenda kusalimia, nisiwadanganye. Baba mdogo alinipigia simu: kuna bwana anataka kununua shamba la marehemu babu akate viwanja. Anadai tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, ardhi ya upande ule ni dili. Kazi yangu, kama mjukuu mkubwa, ni kumlainisha bibi. Mgawo wangu ungetosha pikipiki. Nikasema mchongo si ndiyo huu!

Nikapanda Hiace Nyegezi, tukapita Usagara, mara nipo Misungwi na raba zangu nyeupe.

"Mume wangu, umekuja kuchuma pamba na viatu vya harusi?" bibi akanipokea. Nikamjibu "mwangaluka". Kisukuma changu kinaishia hapo.

Mimi nikatiwa shambani na binamu zangu. Asikwambie mtu, pamba inachoma vidole! Bibi, aliyepita miaka themanini, alikaa mkekani akichambua: pamba safi huku, pamba fifi kule. "Ukizichanganya umejiibia mwenyewe," akasema.

Nikauliza mbegu gani hii. UKM08. Nikajitia mjuaji: "Kumbe ya Uingereza!" Bibi alicheka hadi kanga ikamvuka. UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichomo humo humo wilayani tangu miaka ya 1930. Aibu gani hiyo jamani!

Mchana tukala matobolwa kwa karanga, bibi akaanza mambo ya zamani. Enzi za mkoloni mkulima alibeba pamba yake, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyeisoma ni huyo huyo mnunuzi. Kilo zikapotea hivi hivi. Ndipo Paul Bomani, kijana hata miaka thelathini hajafika, akawaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria Federation. Mizani ikawa yao, baadaye hata viwanda vya kuchambulia pamba.

"Baba yako alisomeshwa na mizani hiyo," bibi akaniambia.

Haikuwa raha tupu. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama hivyo vya ushirika. Vikarudi baada ya sheria ya 1982, kisha kuanzia 1994 wakaruhusiwa wanunuzi binafsi. Bei nayo, leo inapanda, kesho inakutupa.

Jioni bwana wa viwanja akaja na gari lake na karatasi ya mauziano. Bibi akanipa niisome. Nikakuta shamba limeandikwa ekari mbili na nusu. Babu siku zote alisema nne.

"Mizani kashika nani?" bibi akauliza, taratibu kabisa.

Yule bwana akasema amekadiria kwa macho. Nikavua raba. Ekari, kama hujui wewe mtoto wa mjini, ni hatua sabini kwa sabini. Nikaanzia kwenye uzio wa minyaa, nikahesabu kwa sauti: mia na arobaini. Nikakata kona: mia na arobaini tena. Ekari nne kamili!

Yule bwana akasema ni makosa ya kuandika. Bibi akaikunja karatasi, akamrudishia kwa mikono miwili, akamkaribisha uji. Hakunywa.

Pikipiki yangu ikaota mbawa. Baba mdogo kaninunia hadi leo, na ana hoja: bei ya pamba ikianguka, atakayelala njaa si mimi niliyeko Mwanza. Sikusema shamba lisiuzwe milele. Nimesema siku likiuzwa tutapima wenyewe, na bibi ndiye atakayetaja bei.

Sasa wewe unayemcheka mwenzio mshamba, hebu muulize dingi wako ada yake ilitoka wapi. Halafu uliza shamba lile liko wapi sasa, na siku linauzwa mizani alishika nani.

Tukutane wiki ijayo. Vidole vyangu bado vinauma!